Mtoto wa miaka miwili hahitaji daftari: jinsi ya kupanga siku ya dei kea kufuata umri wa mtoto

Jamani naandika hii mara moja ili siku nyingine nikiulizwa niwe natuma tu. Kila wiki napata meseji zilezile. Dada nimefungua kakituo nyumbani nina watoto tisa, niwafundishe nini? Mwanangu ana miaka miwili na miezi minne hajui kushika penseli, ni kawaida? Silabasi ya bebi klasi inapatikana wapi? Wazazi wanataka homuweki, nifanyeje? Majibu yote yanaangukia sehemu moja: unaanza na mtoto aliye mbele yako, kisha ndo unapanga siku. Wengi wetu tunaanza na dawati halafu tunamtafuta mtoto wa kulikalia.

Mimi mwenyewe nilianza hivyohivyo, sijifichi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na watoto wa miaka miwili na mitatu, nikawanunulia madaftari ya mistari mikubwa, nawaandikia a kwa vidotidoti wapitishie. Kulikuwa na kajamaa kamoja, nikifungua tu kabati la madaftari kanaenda kujibanza nyuma ya pazia la mlangoni, vidole vya miguu vinaonekana chini, kamenyamaza kimyaa. Na kajamaa hakohako asubuhi kalikuwa kamekaa kwenye mchanga karibu saa nzima, kanajaza kikopo na kumwaga, kanajaza na kumwaga, hakaniombi kitu. Mimi ndo nilikuwa nakanyanyua kwenye mchanga kwa nguvu nikakakalishe kwenye daftari, na jioni namwambia mama yake mtoto hana utulivu!

Nadharia kidogo tu kisha tuingie kazini. NAEYC, kile chama cha Marekani cha elimu ya watoto wadogo, walitoa waraka wao juu ya jambo hili 1986, wameurekebisha mara kadhaa na toleo la karibuni ni la 2020. Kwa kifupi wanasema ukitaka kuamua chochote kuhusu mtoto, jiulize matatu: watoto wa umri huu kwa ujumla wakoje, huyu hapa yukoje, na kwao wanaishi vipi. Kwetu Tanzania ukienda kwenye mafunzo ya MMMAM (malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto) utasikia wanasema malezi yenye mwitikio na uchangamshi wa awali, yani kumjibu mtoto na kumchangamsha tangu mdogo, ni barabara hiyohiyo. Basi, imetosha.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Usajili. Kituo cha kulelea watoto mchana kinapita ustawi wa jamii, kwa hiyo anzia kwa afisa ustawi wa halmashauri yako, yeye ndo atakupa masharti ya eneo, choo, idadi na wahudumu. Darasa la awali la watoto wa miaka mitano ni habari nyingine, hiyo ni ya watu wa elimu, usichanganye.
- Picha ya kadi ya kliniki ya kila mtoto. Tarehe ya kuzaliwa iko pale, chanjo ziko pale (surua-rubela ni miezi 9 na tena miezi 18, angalia kama ya pili imechomwa maana wengi wanaisahau), uzito uko pale.
- Mikeka, maji ya kutiririka hata kama ni ndoo yenye koki, sabuni, poti mbili tatu.
- Kijitabu kimoja kidogo cha kuingia mfukoni na kalamu. Hicho ni chako wewe, siyo cha mtoto.
- Vitu vya kuchezea, na hapa usikimbilie Kariakoo. Makopo, chupa za plastiki, maboksi, khanga kuukuu, sufuria ndogo, miko, vifuu, magunzi, beseni, mchanga uliochekechwa. Vingine omba kwa wazazi, wataleta mpaka uwakataze.
- Watu. Mimi vichanga naweka watatu kwa dada mmoja, wanne ndo mwisho. Wa miaka miwili sita. Wakubwa wa mitatu na minne kumi. Ukiwa peke yako na watoto kumi na tano wa umri mchanganyiko, huo mwongozo wote unaofuata utakushinda, siyo kwa sababu wewe mbaya, ni mikono tu haitoshi.

Usinunue kwanza: madawati, woka ya kumfundishia mtoto kutembea (inakimbia kuliko macho yako, na haimfundishi chochote), na TV.

Hatua ya 1: Andika umri wa kila mtoto kwa miezi

Siyo "miaka miwili". Miezi 25 na miezi 35 wote wanaitwa miaka miwili lakini mmoja bado anapanda ngazi kwa kushika ukuta, mwingine anakusimulia ugomvi wa jirani. Chukua karatasi, andika majina yote, miezi mbele yake, halafu gawa makundi matatu: chini ya mwaka, mwaka mmoja mpaka mitatu, mitatu mpaka mitano.

Kisha mbele ya kila jina andika kitu kimoja anachopenda na kimoja kinachomsumbua. Analala na nani nyumbani, wanaongea lugha gani, analelewa na bibi? Mtoto anayesikia Kichaga au Kimakonde nyumbani siku za mwanzo atanyamaza, usimwandike "hajui kuongea".

Kosa la kawaida hapa ni kupima watoto kwa mmoja aliyewahi. Shirika la Afya Duniani (WHO) walifuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, matokeo yakatoka 2006, wakaona kutembea peke yake bila kushika kunaanza popote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Umeona huo upana! Wa miezi 10 anayekimbia na wa miezi 16 anayetembelea ukuta wote wako salama, na wapo wachache ambao hawatambai kabisa wanasimama tu wakaenda zao. Kwa hiyo yule mama anayekuletea stori kwamba wa jirani ametembea na miezi tisa, mwambie hongera zake.

Hatua ya 2: Lala chini

Nimemaanisha kulala kweli. Funga mlango ukiona aibu, lala kwenye mkeka, tazama chumba kutoka pale. Utaona waya wa friji, utaona msumari chini ya meza, utaona kwamba zile chati za alfabeti ulizonunua ziko juu hata mtoto hazioni, anaona ukuta mtupu na miguu yako.

Shusha kila kitu kiwe usawa wa macho yake. Gawa chumba kwa kona, hata kama chumba ni kimoja mkeka unaweza kuwa mpaka: kona ya jikoni na nyumba (sufuria, khanga, mwanasesere), kona ya kujengea (maboksi, makopo), kona ya kutulia yenye mto na vitabu viwili vitatu, na nje kwenye mchanga na maji. Vitu viwe sehemu anayofikia mwenyewe achukue mwenyewe. Kama kila kitu kiko juu ya kabati na lazima akuombe, utashinda unaombwa.

Tahadhari, na hizi sizirembi:

- Kitu chochote kinachopita kwenye lile bomba la karatasi la katikati ya tishu ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Vizibo vya soda, shanga, sarafu, maharage, karanga. Pima kwa bomba hilo, usipime kwa macho.
- Ndoo ya maji isiyo na mfuniko. Mtoto wa mwaka mmoja kichwa chake ni kizito, akiinamia ndoo hawezi kujinyanyua, na hapigi kelele.
- Mafuta ya taa, jiki na dawa za chooni kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa. Toa leo, siyo kesho.

Hatua ya 3: Panga ratiba kwa mwendo, siyo kwa vipindi

Nimeona ratiba za vituo zimeandikwa kama za sekondari: saa 2:00 hesabu, saa 2:30 kusoma, saa 3:00 kuandika, kwa watoto wenye pampasi. Futa. Mtoto hajui saa, anajua kinachofuata nini. Ukibadilisha mfuatano kila siku analia, ukiuacha uleule hata wa mwaka mmoja na nusu anaenda mwenyewe kuchukua kikombe chake.

Ya kwangu iko hivi, ibebe urekebishe. Kuanzia saa 1 asubuhi napokea watoto, mmoja mmoja, nachuchumaa namsalimia kwa jina, nasikiliza mzazi kalalaje kalaje. Saa 2 na nusu uji wa lishe. Kuanzia saa 3 mpaka saa 4 na nusu mchezo huru, na hiki ndo kipande kikubwa cha siku, kila mtoto achague kona, ndani au nje, sisi tunazunguka. Baada ya hapo matunda. Halafu duara, nyimbo na hadithi, dakika tano kwa wadogo na kumi mpaka kumi na tano kwa wakubwa, anayetaka kuondoka aondoke. Kisha nje tena kabla jua halijawa kali sana (sisi wa Dar tunalijua). Saa 6 chakula, saa 6 na nusu kulala, saa 8 na nusu wanaamka kwa zamu yao, maji, mchezo mdogo, uji au tunda, kwenda nyumbani kuanzia saa 9 na nusu.

Watu wanashtuka, yani saa moja na nusu wanacheza tu? Ndiyo. Mtoto anatumia nusu saa ya kwanza kuzurura tu akigusagusa, mchezo wenyewe unaanza baadaye, na ukipiga kengele hiyo nusu saa ikiisha tu unakuwa umemkata pale anapoanza kufikiri.

Kosa la kawaida: kusubiri. Foleni ya kunawa, foleni ya choo, wote wamekaa kimya wanasubiri uji upoe. Ukihesabu siku moja utakuta watoto wamesubiri kuliko walivyocheza, na ugomvi mwingi unatokea kwenye foleni. Peleka wawili wawili kunawa wengine wakiendelea kucheza. Uji uletwe ukiwa umepoa tayari.

Hatua ya 4: Vichanga, chini ya mwaka

Hawa hawana ratiba ya kituo, kila mmoja ana ya kwake. Analala akisinzia, anakula akiwa na njaa. Muhimu kuliko vyote: dada mmoja, watoto walewale, kila siku. Usizungushe wadada kama zamu za mlinzi getini.

Kubadili pampasi ndo kipindi chao. Mtazame, mwambie unachofanya. "Sasa nanyanyua miguu, moja, mbili, haya, baridi eeh?" Akitoa sauti, nyamaza kidogo, mjibu. Ni hiyo tu, hakuna kifaa cha kununua.

Akiwa macho mlaze kifudifudi mkekani ukiwa naye hapohapo, vipande vifupi vifupi mpaka ifike walau nusu saa kwa siku. Akilala usingizi, chali, bila mito wala mablanketi ya kumfunika uso. Na mgongoni, jamani mgongoni ni raha na sisi wote tumelelewa huko, ila WHO kwenye miongozo yao ya 2019 wanasema asifungwe sehemu moja zaidi ya saa moja kwa mkupuo, iwe mgongoni, kwenye kiti au kwenye kigari. Mfungue ajinyooshe. Skrini hakuna kabisa mpaka afike miaka miwili, na baada ya hapo isizidi saa moja kwa siku, na mimi nasema hiyo saa waachie nyumbani waimalize wao. Asali pia hapana chini ya mwaka, hata kama bibi yake ndo kaileta.

Hatua ya 5: Mwaka mmoja mpaka mitatu, kundi gumu

Hapa ndo watu wanapokimbia kazi. Huyu mtoto anataka kufanya mwenyewe na hawezi, anataka kuongea na maneno hayamtoshi, anataka kile alichoshika mwenzie. Kundi hili linataka vitu vya kujaza na kumwaga, kusukuma, kupanda, kubeba vizito, kufungua na kufunga. Mpe dumu la lita moja lenye maji nusu alibebe kutoka mlangoni mpaka kwenye mchicha akamwagie, utaona anavyotembea kama kapewa cheo.

Hatua zenyewe:

a) Weka vitu vinavyofanana viwili vitatu. Makopo mekundu matatu kuliko kopo moja zuri. Mtoto wa miezi 20 hawezi kugawana, bado hajafika huko, ukimnyang'anya umpe mwenzie "mgawane" umemfundisha kunyang'anya.

b) Mwachie kazi ya kweli. Avute soksi mwenyewe, afute meza na kitambaa, abebe kikombe chake. Itachukua muda. Acha ichukue.

c) Taja vitu anavyovitazama yeye, siyo unavyovitaka wewe. Anaangalia kuku? Ongelea kuku. "Kuku anadonoa. Kakimbia huyo!" Usimkatishe kumuuliza hii rangi gani, hii rangi gani, kama polisi.

d) Mpe chaguo mbili. "Unavaa hii ya bluu au hii ya njano?" Swali la "unataka kuvaa?" jibu lake unalijua.

e) Poti aanze akionyesha dalili, siyo akifika tarehe. Anabaki mkavu saa moja na nusu mbili, anajibanza pembeni akitaka kujisaidia, anaweza kushusha bukta mwenyewe. Akijikojolea unambadilisha, unaendelea na maisha. Atakayemwita kikojozi mbele ya wenzie kwangu hana kazi.

Kosa la kawaida la kundi hili ni daftari, nimeshasema. Mtoto wa umri huu anashika kalamu kwa ngumi, mkono unazunguka kutoka begani, mifupa midogo ya kifundo cha mkono bado haijakomaa na vidole havina nguvu. Mpe chaki nene achore sakafu nzima. Mpe maji na brashi kuukuu ya rangi apake ukuta wa nje, jua likikausha anaanza upya, na wewe huna cha kufuta.

Hatua ya 6: Miaka mitatu mpaka mitano

Hapa michezo inakuwa ya kuigiza na kupanga. Fungua genge. Weka majani, mawe ya kuwa viazi, vipande vya karatasi vya kuwa hela, utasikia mtoto wa miaka minne anamwambia mwenzie "nyanya zimepanda mama, fungu mia tano". Hapo ana hesabu, ana lugha, ana kusubiri zamu. Kesho kinyozi, keshokutwa bodaboda. Wewe ukiingia, ingia kama mteja. Usiingie kama mwalimu wa kuuliza viazi vingapi.

Udongo wa kuchezea, maana mnauliza sana vipimo: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, kijiko cha chakula cha mafuta, maji yasiyozidi kikombe kimoja, na unayaweka kidogokidogo. Unakanda kama wa chapati lakini mgumu zaidi kidogo. Ukinata mkononi ongeza unga, ukipasuka ongeza maji. Ukitaka rangi, binzari inatoa njano nzuri. Funga kwenye mfuko, weka sehemu ya baridi, unakaa siku kadhaa. Chumvi ni nyingi kwa hiyo usiliwe, ndo maana siwapi wanaopeleka bado kila kitu mdomoni. Kukanda, kukata na kuviringisha huko ndo kunajenga vidole vitakavyoshika penseli baadaye, mwambie hivyo mzazi anayeuliza lini ataandika.

Herufi? Zipo, sikatai. Anza na jina lake kwenye kikombe chake na kwenye msumari wa begi lake, atalitambua kwa macho muda mrefu kabla hajaliandika. Hadithi kila siku, hadithi hadithi, hadithi njoo, na wakizoea waache wao wamalizie. Vitendawili kwa wa miaka minne na mitano. Kuhesabu kwa kugawa: wako watano mezani, lete vijiko vya kutosha. Akirudi na vinne, kaa kimya, mmoja atapiga kelele kwamba hana.

Mtoto anayetaka kuandika mwenyewe mpe karatasi kwa moyo mmoja. Kinachokatazwa ni kulazimisha ishirini kuandika kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Hatua ya 7: Rekebisha mdomo wako

Hii ngumu kuliko kununua vitu. Mwambie mtoto afanye nini, siyo asifanye nini: "tembea polepole" badala ya "acha kukimbia". Sema unachokiona badala ya "safi, safi" kila dakika: "umepanga makopo sita na hayajaanguka". Usimtishie kwa sindano, polisi wala mzimu, siku akiumwa kweli utampelekaje hospitali?

Fimbo hakuna. Na kumkalisha pembeni peke yake wa miaka miwili akili imtulie, haitulii. Akae karibu na wewe mpaka pumzi irudi, maneno baadaye, machache.

Hatua ya 8: Andika unachoona

Kile kijitabu. Kila siku watoto wawili watatu tu, mstari mmoja mmoja, ulichoona na siyo unachodhani. Usiandike "ni mkorofi". Andika hivi: "Jumanne, mchangani. Kamwaga maji kwenye shimo mara sita, kila yakizama anachungulia. Kaniambia yameenda wapi."

Sasa hapo ndo unapata kazi ya Jumatano: weka mchanga beseni moja, udongo wa mfinyanzi beseni la pili, kokoto kubwa la tatu, mpe maji, kaa pembeni. Silabasi mnayoitafuta inatoka kwenye kijitabu hicho.

Ukikwama

*Mtoto analia wiki nzima mama akiondoka.* Kwanza mama asitoroke kwa nyuma, akitoroka kesho mtoto atamganda tangu getini. Aage, aseme atarudi baada ya uji wa jioni, aondoke, asirudi kuchungulia dirishani. Siku za kwanza abaki naye saa moja mbili, apunguze. Omba khanga ya mama iliyovaliwa, isiyofuliwa, mtoto aishike (siyo kwa vichanga wakiwa wamelala). Nimeona mtoto analala nayo puani wiki mbili, wiki ya tatu kaisahau kwenye mchanga.

*Anang'ata wenzie.* Mhudumie kwanza aliyeng'atwa. Kisha aliyeng'ata, kwa ufupi: "Imeuma. Meno ni ya kula." Kumng'ata na wewe ili aone uchungu, kama wanavyoshauri huko mtaani, kunamwonyesha tu kwamba wakubwa pia wanang'ata. Halafu fungua kijitabu uangalie saa ngapi na wapi. Mara nyingi ni saa ileile, kabla ya chakula, kona ileile yenye msongamano. Hamisha kona, wahisha chakula. Meno yanamwota? Mpe kitambaa cha baridi atafune.

*Hataki kulala mchana.* Wa mwaka mmoja mpaka miwili anahitaji saa 11 mpaka 14 kwa siku nzima usiku na mchana, wa mitatu na minne 10 mpaka 13. Muulize mzazi analala saa ngapi usiku. Kama keshapata zake, alale kimya na kitabu nusu saa kisha umwachie. Huwezi kumlazimisha mtu usingizi.

*Hajaongea.* Miaka miwili imefika haunganishi maneno mawili kama "mama njoo", au ukimwita akiwa kakupa mgongo hageuki, au kitu alichokuwa anakiweza kakiacha kabisa, mwite mzazi pembeni, mwonyeshe ulichoandika, aende kliniki, waanze na kupima masikio. Usimpe jina la ugonjwa, wewe siyo daktari. Na usimwambie "ataongea tu, baba yake pia alichelewa".

*Chumba kidogo, watoto wengi.* Gawa: nusu nje nusu ndani, mnapokezana. Chumba cha watoto sita wenye kazi ni kikubwa kuliko cha watoto kumi na mbili waliokalishwa.

*Mzazi anataka homuweki na daftari lijae.* Hili mnaliuliza kuliko yote. Usibishane naye getini saa 1 asubuhi ana haraka ya daladala. Mtumie picha mbili kwa wiki kwenye WhatsApp zenye maelezo ya sentensi moja, mtoto wake tu, siyo kwenye grupu: "Leo kagawa vijiko vya watu watano, kakosea kimoja, kakirudia mwenyewe." Mwite siku moja akae nusu saa kwenye mkeka, acheze na ule unga. Homuweki mpe mzazi yeye: leo mwache mtoto akusaidie kuchambua mchicha na muongee. Wengi wanaelewa. Mmoja alimhamisha mtoto akampeleka kunakoandikwa kuanzia miaka miwili, nikamuaga vizuri, akanirudishia baada ya miezi minne na yale madaftari yamejaa kweli, mwandiko wa mwalimu kila ukurasa.